Umezidiwa, Mama? Anza kwa Kupunguza

"Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Nifanyeje?" Hilo ndilo swali ambalo halikomi. Anayeuliza leo ni mwalimu wa Kayanga, kesho ni mama lishe wa Omurushaka, keshokutwa ni bibi wa Kiruruma anayelea wajukuu peke yake. Wengine wanaongeza kwa sauti ya chini: nimeanza kuwachukia watu wangu mwenyewe, kila anayeniita naona anakuja kunidai.

Majibu mnayopewa mnayajua. Jipende. Fanya mazoezi. Nunua mafuta ya kunukia, nenda ukatembee. Si majibu mabaya, ila karibu yote yana kasoro moja: yanaongeza kazi. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta maji, ukimwambia aamke saa kumi akimbie barabarani, umemuongezea adhabu. Mimi nitakwenda kinyume. Nitaanza na cha kupima, kisha cha kuacha, kisha cha kugawa. Kupumzika kutafuata, na hakutachukua nafasi kubwa.

Kwanza, kapimwe

Msiruke sehemu hii. Uchovu usioisha unaweza kuwa kazi nyingi, lakini pia unaweza kuwa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa kuzaa hapa Tanzania wana upungufu wa damu. Mwanamke mwenye damu pungufu anaweza kugawiwa kazi na kupewa likizo ya mwezi mzima, bado atapanda kilima cha kwenda kisimani akihema. Hakuna ushauri wa kujitunza unaoziba pengo hilo.

Nenda zahanati au kituo cha afya, na usiseme tu "mwili hauna nguvu". Sema hivi:

- uchovu umeanza lini, na je, ukilala unapungua au la;
- hedhi yako inachukua siku ngapi, na kama ni nzito kuliko zamani;
- kama unahema, moyo unakwenda mbio au unapata kizunguzungu ukisimama;
- kama umekonda, au kiu na haja ndogo zimezidi;
- kama umejifungua karibuni, au siku zako zimepita.

Omba upimwe wingi wa damu, malaria, shinikizo la damu na sukari. Mimba kama inawezekana. Na choo kama kuna dalili za minyoo. Omba na kipimo cha VVU. Najua hapo baadhi yenu mnafunga ukurasa. Mkoani kwetu Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na hofu ile imebaki majumbani. Lakini leo kipimo ni bure na dawa ni bure, na anayezitumia vizuri analima, anazaa na anazeeka. Kutojua ndiko kunakochosha.

Makosa ninayoyaona kila mara:

- Kununua vidonge vya kuongeza damu dukani bila kupima. Kama tatizo ni malaria au tezi ya shingo, umepoteza fedha na muda.
- Kuwekewa "dripu ya nguvu". Siku mbili unajiona mzima, ya tatu uko palepale.
- Kunywa vinywaji vya kuchangamsha ili umalize siku, halafu rubisi au kitu kikali zaidi ili upate usingizi. Usingizi wa pombe unakatika saa nane za usiku, na hapo mawazo yote yanakuja kwa pamoja.
- Kunywa chai pamoja na chakula. Ndizi na maharage yetu ni chakula kizuri, lakini majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai inywe saa moja au mbili baada ya kula. Sahani iongezewe chungwa, limau au nyanya mbichi, na dagaa ukiwapata.

Vipimo vikionyesha ugonjwa, tibiwa kwanza. Visipoonyesha, endelea kusoma.

Utajuaje kwamba si uchovu wa kawaida?

Uchovu wa kawaida unaisha ukilala. Huu mwingine hauishi, na unakuja na wenzake: kazi uliyoipenda sasa unaiona kinyaa, kitu kidogo kinakupandisha hasira au kukutoa machozi, na kila unalofanya unaliona halina maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa, si ugonjwa wenyewe. Shirika lilikuwa likizungumzia ajira. Mimi nauliza: kibanja nacho ni nini? Kuna kupalilia, kuchuma kahawa, kuanika, kupika, kuuguza, na hakuna saa ya kutoka.

Kuna atakayesema kazi za nyumbani si kazi. Mjibuni kwamba jambo hilo lilishaamuliwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa.

Andika kila unachofanya

Chukua daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa. Kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya gulio au ya ibada, andika kila kazi unapoimaliza. Kama kuandika ni shida, mwambie mtoto aliyeko shule akuandikie, itamfundisha kitu.

Andika na kazi zisizoonekana. Kukumbuka tarehe ya kliniki. Kujua nani hana daftari. Kuwaza chumvi itaisha lini. Kupiga hesabu ya michango ya msiba na harusi. Hizo ndizo zinazokuweka macho usiku, na hakuna anayeziona kwa sababu hazishikwi kwa mikono.

Siku ya nne, kaa na orodha yako na kalamu. Kila kazi iwekee herufi moja:

1. A ni ya kuacha, kwa muda au moja kwa moja.
2. G ni ya kugawa.
3. B ni ya kubaki nayo.

Kosa la wengi ni kuweka B kila mahali. Ukiona hivyo, rudia. Mkulima wa migomba kwenye shina moja anabakiza mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine anayang'oa hata yakiwa mazuri, maana akiyaacha yote atavuna mikungu ya kuonea aibu. Hayo mnayafanya kila msimu wala hakuna anayewaita wakatili.

Vya kuacha bila nyumba kuanguka

- Kupiga pasi nguo za shamba na za kulalia.
- Kufagia uwanja mara mbili kwa siku kwa sababu jirani anafagia mara mbili.
- Kikoba cha tatu. Na cha pili, kama unakopa huku ili upeleke kule.
- Kamati uliyochaguliwa kwa sababu ulinyamaza. Andika barua fupi ya kujiuzulu, usitoe maelezo marefu.
- Kuchagua maharage usiku kwa mwanga wa tochi. Chagua mchana, au wape watoto.
- Kupika maharage bila kuyaloweka. Yaliyolala majini usiku kucha yanaiva haraka zaidi, na kuni zinazobaki ni safari ya kuni uliyoiokoa.
- Kwenda kisimani huku mvua inanyesha juu ya bati lako. Mfereji wa bati na pipa moja vinagharimu fedha, ndiyo, lakini kama kuna kitu cha kuomba kwenye fedha za kahawa mwaka huu, omba hicho kabla ya kitenge.

Michango ya sherehe ni habari ngumu zaidi, maana hapa kwetu asiyechanga naye hachangiwi. Sisemi uache. Panga kiasi cha mwezi mzima, kikiisha kimeisha. Msiba nenda, hata mikono mitupu, kaa na wafiwa. Send-off ya binti wa rafiki wa wifi yako inaweza kukukosa.

Kugawa, na hasa kwa mume

"Mume wangu hatakubali." Labda. Lakini wengi wenu mkiulizwa mlimwambia nini, mnasema: nilimwambia nimechoka. Hilo si ombi. Mtu hawezi kubeba "nimechoka". Fanya hivi:

1. Chagua wakati. Si anaporudi kutoka kilabuni, si mbele ya wageni, si siku kahawa imenyeshewa kwenye turubai. Asubuhi ya siku ya mapumziko, ameshakula, inafaa.
2. Mwonyeshe daftari. Usilisome kwa sauti ya mashtaka. Mpe mwenyewe alitazame.
3. Omba kitu kimoja kizima. "Baba Nyakato, naomba maji yawe ya kwako kuanzia leo, ya asubuhi na ya jioni. Kwa baiskeli ni safari moja, kwa kichwa changu ni tatu." Usiseme "nisaidie maji". Anayesaidia anaweza kuacha; mwenye kazi ndiye anayeulizwa.
4. Akishaichukua, iache. Akileta maji saa tatu badala ya saa moja, vumilia. Ukikimbilia kisimani kwa sababu amechelewa, umeirudisha mwenyewe.

Namba nne ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunataka kazi igawanywe lakini ifanywe kwa mkono wetu.

Kwa watoto, msiwabebeshe mabinti peke yao. Mvulana wa miaka kumi na miwili anaweza kumenya ndizi, kuosha vyombo na kumwangalia mdogo wake, na hatapungukiwa uanaume. Binti asiyepata muda wa kusoma kwa sababu mama ameelemewa atakuja kuwa mama aliyeelemewa. Kama unachukua msichana wa kazi, kumbuka kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kuajiri mtoto chini ya miaka 14, na hata huyo wa 14 ni kwa kazi nyepesi tu, isiyomnyima shule.

Mama mkwe ni suala la heshima na lugha. Usimpelekee orodha. Mwombe jambo linalompa nafasi: "Mama, mtoto ananisumbua kulala, nawe unamjulia. Naomba awe analala kwako." Wengi watakubali kwa furaha. Asiyekubali, mwachie mwanawe azungumze naye.

Onyo. Kama mume anakupiga au anakutisha, usimpelekee daftari lolote. Hapo si suala la mgawanyo wa kazi. Nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwa mtendaji, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Karagwe kuna pia WOMEDA, shirika linalotoa msaada wa kisheria kwa wanawake. Nenda ukiwa na mtu unayemwamini, na usiage unakokwenda.

Deni linalokula usingizi

Wapo ambao orodha yao yote ya kazi ni ya kawaida, ila usiku hawalali kwa sababu Ijumaa kuna rejesho. Mikopo ya kausha damu imewachosha wanawake wengi kuliko jembe. Unauza vitumbua tangu alfajiri, na faida yote ni ya mtu mwingine.

- Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja, pamoja na lile la dukani. Usilifiche lolote, hata kwa nafsi yako.
- Usikope pengine kulipa deni ulilo nalo. Hapo ndipo linapozaliana.
- Uliza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Riba ya watoa huduma ndogo za fedha haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza asilimia 20 kwa mwezi na kukuchukulia kadi ya benki anavunja utaratibu, na unaweza kumshtaki kwa ofisa biashara wa halmashauri au kwa mkuu wa wilaya.
- Mwambie mtu mmoja nyumbani. Siri ya deni inachosha mara mbili ya deni lenyewe.

Mtaniuliza kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10, ambayo asilimia 4 yake ni ya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Ni mikopo mizuri, inapitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini nayo inalipwa, na inataka kikundi, vikao na mradi. Kama mwezi huu huwezi hata kumaliza kula ukiwa umekaa, si wakati wako. Subiri.

Mlioajiriwa

Walimu, wauguzi, wahudumu wa maduka: likizo si zawadi ya mkuu wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, siku 84 za uzazi (100 kwa mapacha), na saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wiki ya kazi haizidi saa 45 za kawaida. Omba likizo kwa maandishi, bakiza nakala. Na ukiipata, usiitumie yote kupalilia. Siku saba kati ya hizo 28 zisiwe na jembe. Ukishindwa saba, tano.

Saa moja yako

Hapa ndipo wengi mlitaka nianzie. Saa moja kila siku, au nusu saa mkiona ni ndoto, ambayo haina kazi ndani yake. Kusuka mkeka ukiwa umekaa ni kazi. Kuchambua mboga huku unasikiliza redio ni kazi. Lala, keti chini ya mti, mtembelee rafiki mcheke. Simu iwe mbali. Habari za watu wengine ni mzigo nao.

"Watasema mimi mvivu." Watasema, wiki mbili. Kisha watazoea, na mmoja wao atakuja kukuuliza unafanyaje.

"Mimi nasali, sala inanitosha." Sala ni jambo jema, na sikusudii kuigusa. Lakini msomeni nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19: alipofika mahali pa kuomba afe, hakuhubiriwa. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Nanyi dada zangu Waislamu mnajua kwamba kailula, usingizi mfupi wa mchana, ni sunna.

"Msimu wa kahawa hauniruhusu." Kweli, kahawa ikiiva haingoji. Basi msimu huo usianze jipya lolote: usikubali ujenzi, wala mgeni wa mwezi mzima, wala mkopo mpya. Na chumeni kwa zamu, akina mama watatu wanne, leo kwako, kesho kwangu. Kazi ni ileile, lakini hukai peke yako na mawazo yako kutwa nzima. Kahawa ikiuzwa, uliza fedha imekwenda wapi. Mwenye kuchuma ana haki ya kujua bei.

"Nilijaribu, nikarudi palepale." Inatokea. Mtoto anaugua, mfumo wote unavurugika. Rudi kwenye daftari, chagua herufi A moja tu, anza nayo hiyo. Msianze mambo matano kwa pamoja. Mtu aliyechoka akianza matano anashindwa matano.

Usikae nalo nyumbani

Baadhi ya dalili haziishi kwa kugawa kazi. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, nao watakupeleka mbele, iwe hospitali ya Nyakahanga, ya Isingiro au kwingine, kama:

- unawaza kufa, au unaona watoto wangekuwa afadhali bila wewe;
- unaogopa utamdhuru mtoto;
- zaidi ya wiki mbili huna hamu ya kula, kuoga wala kusema na mtu;
- unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii;
- umejifungua, na furaha haiji, unalia tu, au mtoto unamwona kama wa mtu mwingine.

Usiende peke yako. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi: "Nina mawazo ya kujidhuru." Wewe uliyeambiwa, usimhubirie wala usimkemee, na usimwache peke yake. Dawa za kuua wadudu wa shambani zitoeni kwenye nyumba hiyo siku hiyohiyo, mkampe jirani azifungie. Kwenda kwa mchungaji, padri au shehe ni sawa, mradi hospitali isingoje zamu yake. Na anayeshauri kwamba huyo amerogwa, muulizeni kama yuko tayari kukaa naye usiku.

Wanawake wa aina hii mara nyingi hawasomi makala kama hii. Wameshaacha kuja kikundini, kibandani kwao sokoni kumefungwa, na sisi tunasema "siku hizi ana maringo". Kama kuna mmoja umemkumbuka ukisoma hapa, mfuate kwake wiki hii, na ukifika, usikae kungoja chai. Chukua ndoo.